Mlango Ambao Madam Hajaufungua

Siku hizi watu wakimzungumzia Madam wanalainisha sauti, kana kwamba wanamtaja mtu aliyekwisha kuwekwa kwenye fremu. Mama yetu. Mlezi wetu. Mimi nikisikia hivyo nainuka naondoka. Madam si mama wa mtu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuitia ng'ombe, na amenikasirisha mara nyingi kuliko binadamu yeyote ninayemjua, ukimtoa baba wa mwanangu. Nampenda. Lakini nitamwandika kama alivyo, siyo kama wanavyomtaka.

Kwao ni wapi sijui. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza, na yeye hana tabia ya kujieleza. Nilimkuta shule ya kutwa niliyosoma, anafundisha jiografia na michezo. Jiografia alifundisha haraka haraka, kama mtu anayemaliza kuosha vyombo ili atoke. Michezo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wenzetu wa shule nyingine walicheza netiboli, sisi tulicheza softiboli, mchezo wa kuupiga mpira na kukimbia kutoka besi hadi besi, ambao hapa Arusha ukiutaja watu wanakuuliza ni ugonjwa gani. Madam aliujua kwa wageni wa kujitolea waliowahi kufundisha naye zamani. Wageni waliondoka, yeye akabaki na mipira michache na kichwa kigumu.

Hakuniita jina langu hata siku moja. Aliita kila msichana kwa mahali anaposimama uwanjani. Mimi nilikuwa Besi ya Tatu, na ni Besi ya Tatu mpaka leo, ingawa nina miaka thelathini na moja, nimezaa, na meza yangu sokoni watu wananiita Mama Shadya. Anaweza kunikuta nabishana na mteja akasimama nyuma yangu akasema, "Besi ya Tatu, miguu," nami bila kufikiri napanua miguu na kuinamisha magoti, kiatu cha mteja mkononi.

Hasifii. Ukipiga vibaya anasema, "Rudia." Ukipiga mpira ukavuka migomba ya jirani anasema, "Rudia." Tulikuwa tunasikiliza ile rudia kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari, tukitafuta kama ndani yake kuna kitu. Ukimpa sababu, kwamba jua lilikuwa machoni, kwamba ulilala njaa, anakuambia, "Sababu mpelekee mama mkwe. Mimi nipe mikono." Halafu siku ya pili unakuta kwenye mkoba wake kuna mandazi yamefungwa kwenye gazeti, anakupa bila kukutazama, anadai yamembakia nyumbani. Nyumbani kwake anaishi peke yake. Hayo mandazi ya watu wanne yalimbakiaje?

Mimi nauza viatu vya mitumba soko la Kilombero, kwa hiyo nilikuja kumwona Madam upande mwingine ambao wanafunzi wake hawakuuona. Belo likikatwa kamba, sisi wote tunalivamia, kila mtu na jicho lake: huyu masweta, huyu mashuka, mimi viatu. Madam alikuwa anakuja na kofia ya majani na kikapu cha ukindu, anatafuta glovu za kudakia mpira. Huko mabelo yanakotoka mpira huu unachezwa sana, na mara mojamoja glovu linatokea katikati ya masweta, limejikunja kama chura mkubwa wa ngozi. Wauzaji hawakujua ni kitu gani. Mmoja alisema ni la kuipulia sufuria jikoni. Mwingine akasema hapana, ni la kurinia asali. Walichokubaliana wote ni kwamba la pili limepotea.

"Mama, hili liko peke yake," walimwambia. "Mwenzake hayupo."

"Nipe hivyohivyo. Nitafanyaje?"

Na sura anaiweka ya masikitiko. Walikuwa wanampunguzia kwa huruma. Mimi nilijua kwamba glovu la mpira huu huvaliwa mkono mmoja tu, na yeye alijua kwamba najua. Aliwahi kunitazama juu ya lile rundo la nguo, kwa lile jicho analomtazamia mkimbiaji anayetaka kutoroka besi, nikafunga mdomo wangu.

Huyu ni mwanamke ambaye darasani alikuchapa kwa kunakili jibu moja la mwenzako.

Basi muuzaji mmoja wa mashuka, kijana mwema sana, alimwonea huruma kupita kiasi. Kila belo likifunguliwa akawa anamtafutia Madam mwenzake wa lile glovu. Muda mrefu ukapita. Siku moja akampigia simu mbele yangu, anapayuka kwa furaha: "Mama, nimempata! Ni la mkono mwingine kabisa!" Madam akaja anachechemea na magoti yake. Kweli lilikuwa la mkono mwingine. Lilikuwa glovu la mtu wa shoto. Madam aligeuza lile glovu, akaligeuza tena, akamshukuru yule kijana kwa mikono miwili. Kisha akaja mezani kwangu.

"Mwanao anatumia mkono gani?"

"Wa kushoto. Bibi anamkataza."

"Mwambie bibi aache."

Ndivyo Shadya alivyoingia. Wakati huo alikuwa mdogo, hata rungu la kupigia lilimshinda kulibeba. Tunaliita rungu, sijui wenzetu wa mikoa mingine wanaliitaje. Hapa kwetu kila mtu anajua rungu ni nini, na Madam hakuona haja ya kubishana na wilaya nzima.

Kuhusu bibi yangu, aliyenilea mimi na akamlea Shadya, Madam alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Nyumba yetu ni ya Waislamu wa mjini, watu wa siku nyingi, na bibi alikuwa hataki kusikia mtoto wa kike anavaa suruali na kuvurumisha mpira mbele ya wanaume. Madam, Mlutheri wa kwaya, alikuja alasiri. Wakaamkiana, wakanywa chai ya tangawizi, wakazungumza bei ya mkaa, magoti, dawa za magoti, na majirani wanaomwaga maji machafu njiani. Mpira haukutajwa. Mimi nilikaa pembeni nasubiri, hasira zinanipanda, nikijua huyu mama ameogopa. Alipoinuka kuaga akamwambia bibi, "Basi huyu mtoto kesho saa kumi. Nimemshonea sketi ndefu ya kuvaa juu ya suruali, na mtandio wa kubana usimfunike macho." Bibi akajibu, "Haya mwalimu, karibu tena." Mlango ulipofungwa bibi akanigeukia akaniuliza, "Saa kumi anakwenda wapi?"

Mambo yake mengine hayakwenda vizuri. Marungu, kwa mfano. Ya kununua yalimshinda, kwa hiyo akamwendea mchonga vinyago mmoja anayewauzia watalii, akamchorea umbo. Mchongaji ni fundi hodari, mkono wake umezoea. Alileta marungu mazuri sana, yamepigwa msasa na rangi ya viatu, na kila moja lina twiga. Twiga amechongwa kuzunguka pale hasa mpira unapopigwa, shingo imetokeza. Madam akamuuliza twiga wa nini. Yule akashangaa: "Madam, bila twiga si kijiti tu?" Tulicheza msimu mzima na marungu ya twiga. Mpira ukigonga shingo unakwenda usikotarajia, na timu nyingine walilalamika kwamba tuna ujanja.

Nimefika mahali panaponiuma.

Kitu ambacho Madam hakuvumilia maishani mwake ni kuchelewa. Ukifika mazoezini umechelewa, hakupigi wala hakufokei. Anakuambia usimame kwenye besi ya kwanza, na anaendelea na mazoezi kana kwamba wewe ni mti. Mpira unapita masikioni, hakuna anayekutupia. Ukitaka kulia unalia ukiwa umesimama. Mwanamke wa namna hiyo ndiye niliyemwona akimsubiri mtu mmoja, mkubwa mmoja wa serikali, miezi na miezi, na kutusubirisha sisi wote pamoja naye.

Ilikuwa hivi. Uwanja wetu wa zamani, ule niliochezea mimi, ulichukuliwa. Leo kuna maduka. Baada ya hapo tulikuwa wa kufukuzwa: eneo la Terrat mpaka wenye mashamba wakalima, kiwanja cha shule moja mpaka wakajenga madarasa. Na hapa kwetu Meru ikishavaa mawingu, masika ikaanza, hakuna kiwanja, kuna tope. Juni na Julai tope linaisha, linakuja baridi la kugandisha vidole mpaka mpira haushikiki. Madam akawa na wazo moja tu kichwani, ukumbi wenye paa. Wanafunzi wake wa zamani walimchangia, na mwenye ghala moja la zamani la kahawa kule Themi, ambalo halikuwa na kazi tena, akakubali alitumie.

Nilikwenda kusaidia, na nitasema ukweli, kazi ile ilikuwa tamu. Neti tulizipata kwenye mashamba ya maua, zile za kufunikia mawaridi, tukazishona mara mbili tukatengeneza vizimba vya kupigia, kila msichana anapiga mpira ndani ya kizimba chake bila kumuua mwenzake. Sakafu ya saruji tukaitandika zulia lililong'olewa kwenye hoteli ya kitalii, jekundu, lina maua makubwa ya dhahabu. Vile vigingi vya kuwekea mpira mtoto ajifunze kupiga tulitengeneza kwa mipira ya rejeta kutoka gereji ya jirani. Harufu ya kahawa haikutoka, mpaka leo ukitoka mle nguo zinanukia kahawa. Shadya alikuwa akilala kwenye lile zulia chali, anatazama neti juu, anasema, "Mama, humu mvua haitufanyi kitu."

Kazi ikaisha. Madam akafunga mlango kwa kufuli, akafunga utepe mwekundu kutoka mhimili hadi mhimili, akaweka jiwe ukutani limeandikwa kwamba ukumbi huu umefunguliwa na mheshimiwa, cheo chake na jina, akalifunika kwa kitambaa. Akamwalika. Ofisi yake ikasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukasema mwezi mwingine.

Na masika ikaingia.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa kama kichaa. Kuna shule ya bweni, mkoa mwingine, inayochukua wasichana wanaocheza mpira huu na kuwasamehe sehemu kubwa ya ada. Mwalimu wao alikuwa aje Arusha masika ikiisha, kuwaona wasichana wa darasa la saba. Shadya alikuwa darasa la saba. Mimi najua nilichonacho. Najua meza yangu ya viatu inaweza kumfikisha Shadya wapi, na ni hapahapa nilipo mimi. Ile shule ilikuwa njia yake, na njia ilikuwa inapita ndani ya ghala lililofungwa kufuli kwa heshima ya mtu asiyekuja. Watoto walikuwa wanakwenda kuchungulia kwenye nyufa. Wanarudi wamelowa.

Nilimkuta Madam barazani pa ghala, anafagia maji ya mvua.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Mbona na uso huo?"

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Basi fungua, watoto wapige mpira."

"Ukumbi haujazinduliwa."

"Madam, hii mvua huioni? Uwanja wa shule wanayosoma umekuwa jaruba la mpunga. Shadya hajagusa rungu tangu masika ianze. Yule mwalimu atakuja aone nini, mtoto ananawa miguu?"

"Shusha sauti, Besi ya Tatu."

"Sishushi. Wewe ulikuwa unatusimamisha juani kwa dakika kumi tu za kuchelewa. Huyo mheshimiwa wako kachelewa miezi, mbona yeye humsimamishi?"

Akaegemeza ufagio ukutani. Nilidhani atanifukuza.

"Ule uwanja wetu ulichukuliwa kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa sababu ni wezi."

"Wezi wapo kila mahali. Nakuuliza kwa nini ule. Walikuja na kamba ya kupimia. Nilikuwa nimesimama kwenye besi ya pili, watoto wanakimbia pande zote. Nikawauliza mnapima nini. Yule kijana akaniambia, mama, hapa tumeandikiwa hakuna kitu. Ananiambia hakuna kitu, na mpira umempita hapa." Akagusa sikio lake. "Sina karatasi, sina mjomba ofisini. Mwenye ghala ni mzee, watoto wake siwajui. Nikiwa na jiwe lenye jina la mkubwa, siku wakija na kamba watalisoma kwanza."

"Kwa hiyo Shadya asubiri jiwe."

"Wapo akina Shadya ambao hawajazaliwa."

"Mimi nimemzaa mmoja tu, Madam."

Nikaondoka bila kuaga. Nilimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikonizidishia hasira, maana ukimwelewa mtu huwezi kumtukana vizuri.

Siku ikapangwa hatimaye, Jumamosi. Turubai likafungwa, viti vya plastiki, spika kubwa, sufuria za pilau. Wasichana walivaa fulana nyeupe, Shadya ndiye aliyechaguliwa kupiga mpira wa kwanza mbele ya mgeni rasmi. Saa tatu asubuhi tumekaa. Saa tano tumekaa. Mshereheshaji alimaliza vichekesho vyake vyote akaanza kuvirudia kwa sauti nyingine. Kwaya ikaimba ikachoka. Mvua ikanyesha ikakatika ikanyesha. Alasiri simu ya Madam ikalia, akajitenga nayo nyuma ya spika. Akarudi.

"Amepata dharura," alisema.

"Mwakilishi je?" mshereheshaji akauliza.

"Hakuna mwakilishi."

Mshereheshaji, kijana mwenye akili, akashika kipaza sauti: "Basi ndugu zangu, mgeni rasmi ni Madam mwenyewe. Madam, chukua mkasi ukate." Watu wakapiga makofi. Kweli walifurahi, wengine wakasimama. Msichana aliyeshika sinia lenye mkasi akalisogeza mbele yake. Nami nikasema kutoka kwenye kiti changu, "Kata, Madam."

Akauchukua mkasi. Akautazama, akafungua mkoba, akautia ndani.

"Tule," alisema.

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka nilisema mbele ya watu wote, mbele ya mchungaji na shehe waliokuja kuombea lile jengo, "Unamwogopa mtu ambaye hata hajui kama tupo."

Madam hakukasirika. "Ndiyo," akasema. "Namwogopa. Kaa chini ule."

Sikula. Nilimshika Shadya mkono tukatembea mpaka nyumbani kwenye mvua. Njiani mtoto hakulia, na ningependa angelia. Alichosema ni kwamba pilau lilikuwa linanukia.

Siku mbili baadaye Madam alitokea sokoni. Alisimama mbele ya meza yangu kama mteja, akanyanyua kiatu, akakigeuza, akakirudisha.

"Kesho asubuhi kabla ya shule mlete mtoto. Avae suruali."

"Wapi?"

"Suruali, siyo ile sketi. Itamnasa."

Nilimpeleka kwa ubishi tu, nione. Mlango wa mbele ulikuwa vilevile, kufuli na utepe. Madam alikuwa nyuma ya ghala na wasichana wote, wamepanga mstari chini ya lile dirisha la kupitishia magunia. Ni dirisha la ubao, liko usawa wa kifua, zamani walikuwa wakisogeza lori pale na kuingiza kahawa. Komeo lake liko nje. Madam alikuwa amelifungua.

"Madam," nikamwambia, "hii ndiyo heshima ya mheshimiwa?"

"Kwenye ratiba tuliandika kufungua mlango," alisema. "Dirisha hatukuandika."

Wasichana wakapanda mmojammoja, wanacheka, Shadya akaruka kama mbuzi. Nikabaki mimi na Madam chini. Akalitazama dirisha, akayatazama magoti yake. Wasichana wawili wakamvuta mikono kutoka ndani, mimi nikawa nyuma, sijui nishike wapi, huyu ni mwalimu wangu.

"Sukuma, Besi ya Tatu, usinipapase."

Nikasukuma. Akaingia kichwa kwanza, kiatu kimoja kikabaki kwangu. Ndani nikasikia mpira wa kwanza unapigwa, ule mlio mkavu, halafu mwingine, halafu sauti yake: "Rudia."

Masika yote waliingia hivyo. Asubuhi kabla ya shule, na jioni. Mimi nilikuwa msukumaji.

Yule mwalimu wa shule ya bweni alipokuja, alikuja na suti na viatu virefu. Madam akampokea, akamkaribisha, akamzungusha nyuma. Yule mama akalitazama dirisha.

"Mlango si ule pale mbele?"

"Unamsubiri mgeni rasmi."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mwalimu mwenzangu," Madam alisema. "Nipe viatu nikushikie."

Nikasema moyoni, sasa huyu ataondoka, na Shadya ataachwa kwa ajili ya dirisha. Yule mama akavua viatu, akampa Madam, akaniangalia mimi nilivyojiweka tayari, akasema, "Dada, nina kilo zangu." Nikamwambia nimezoea. Akapanda.

Shadya alikosa mpira wa kwanza. Akakosa wa pili. Nilikuwa nimesimama nje nachungulia, kidevu kwenye ubao. Madam, ambaye naye nilikuwa nimeshamsukuma ndani, alikwenda pale kwenye kizimba, akamshika mtoto mabega, akamgeuza kidogo sana, kama mtu anayenyoosha picha ukutani, akarudi mahali pake. Mpira wa tatu Shadya aliupiga mpaka neti ikafutuka na vumbi la kahawa likashuka kutoka darini. Yule mama akaangalia juu. Kisha akamuuliza mtoto jina lake na la mama yake.

Shadya alikwenda Januari. Nilipigana aende, na alipoenda nikakasirika upya, maana nyumba ilinyamaza. Hilo namwekea Madam kwenye hesabu yake pia.

Majuzi nilipita Themi kumpelekea habari za matokeo ya Shadya. Nikakuta gari barazani, na vijana wawili wa kupima wakiwa na futi ya kamba. Mwenye ghala amefariki, watoto wake wako Dar, na hayo yanatosha kueleza. Madam alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anakula karanga. Hakuinuka. Mmoja wa wale vijana akafunua kitambaa ukutani, akasoma, akakishusha taratibu kama aliyefunua uso wa marehemu. Akautazama utepe.

"Shikamoo mama. Hili bado halijafunguliwa?"

"Marahaba. Bado."

"Linafunguliwa lini?"

"Tunasubiri ofisi yake. Unaweza kuwaulizia wewe, una simu."

Kijana hakutaka kuulizia. Wakanong'ona pembeni, mmoja akapiga simu kwingine kabisa, akasema ndiyo bosi, ndiyo bosi, jina lake lipo, ndiyo. Wakaviringisha kamba yao wakaingia kwenye gari.

Nikakaa chini barazani. Nyuma ya ghala nilikuwa nasikia wasichana wadogo wanasaidiana kupanda, mmoja anamwambia mwenzake ondoa kisigino chako usoni kwangu. Nilitaka kusema kwamba ni aibu, watoto wanaingia kwenye ukumbi wao kama wezi. Ni aibu, na bado nasema hivyo. Lakini Madam alikuwa amesimama, ametoa utepe mpya kwenye kikapu chake, mwekundu, bado una kunjo za dukani. Ule wa zamani ulikuwa umepauka mpaka rangi ya waridi. Akapanda juu ya kigoda, akaufungua upande mmoja.

"Shika kigoda, Besi ya Tatu. Kinacheza."

Nikakishika.

"Madam, umemwalika tena mwaka huu?"

Alikuwa na ncha ya utepe mdomoni. Akaitoa, akaizungusha kwenye mhimili, akafunga fundo, akalivuta kwa uzito wake wote aone kama litashika.

"Nimwalike," alisema, "halafu aje?"

Akahamia mhimili wa pili, nami nikamsogezea kigoda. Alipomaliza alishuka ameniegemea bega, tukazunguka nyuma.